Kazi ya Kunyima

Kazi niliyoandikiwa ni kunyima maji.
Saa kumi na moja alfajiri nafungua banda la kioo,
napima vyungu kimoja kimoja,
naandika kilichopungua:
gramu mia mbili, mia mbili na sita, mia na tisini,
pumzi za miwa tangu jana.
Kisha nakaza bomba lililokwisha kukazwa.
Nahakikisha tu.

Nje, upepo wa Gending unateremka mlimani
na vumbi la Probolinggo kinywani.
Humu upepo hauruhusiwi.
Hata nyuki akiingia tunaandika ripoti.

Daktari Hendarto alinieleza siku ya kwanza,
akichora duara mgongoni mwa bahasha:
kuna kijidudu cha udongoni, jicho halikioni,
ukame ukija hakilii,
kinajipikia dawa tamu ndani ya mwili wake
na kuyakumbatia maji yasitoroke.
Tumeiazima siri yake, herufi chache,
tukaishona ndani ya muwa.
"Kuazima," alisema. Sikuuliza
tutarudisha lini.

Mama anapalilia miwa ya kiwanda
tangu mimi nikiwa mgongoni mwake.
Hubeba chupa moja ya chai baridi
na haifungui mpaka akikanyage kivuli chake mwenyewe.
"Ukianza mapema," husema, "kiu inaijua njia."
Mara nyingi nimetaka kumwambia daktari:
herufi hizo hata kwetu zipo,
nyuma ya mlango wa jikoni, zinafunga kilemba.

Siku ya tisa majani ya miwa ya kawaida yalijisokota
kama tumbaku ya mlinzi.
Siku ya kumi na nne, majivu.
Muwa wa chungu cha arobaini na moja
umekunjuka tu, kijani, kama mtu asiyepelekewa habari.
Wageni kutoka Surabaya walikuja kuupiga picha.
Mmoja akaniomba nisogee,
kiwiko changu kilikuwa kimeingia.

Siku ya kumi na tisa nilikosea.
Sitasema nilisahau.
Namba saba, mche mwembamba usioshonwa siri yoyote,
ulikuwa umebakiwa na jani moja lililosimama,
na mimi nina kikombe mkononi.
Nusu kikombe, si zaidi.
Maji ya kifuu bahari ya chungu:
chungu yupi? Chungu kipi?

Asubuhi mizani ilinichongea.
Gramu themanini zisizo na baba.
Nikaandika pembeni, kwa wino: nimenywesha mimi, Lasmini.
Daktari hakunifokea.
Aliikata namba saba kwenye jedwali kwa rula, mstari mmoja,
akasema huruma ni nzuri
ila ina tabia ya kuchafua hesabu.

Jaribio lilipokwisha, sheria ni sheria:
vyote tanurini, vilivyokufa na vilivyoshinda.
Vipande vitatu tu, urefu wa kidole,
vikabaki chupani, vimezibwa, vimepewa namba mpya.
Arobaini na moja niliubeba mwenyewe.
Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani.
Kwenye moto haukulia kama ile mikavu;
ulichemka kwanza, muda mrefu,
maji yote yale uliyokataa kuyaachia,
na harufu ya sukari ikajaa ua mzima
hadi walinzi wakatoka kutazama.

Usiku mama akauliza, akifungua kilemba,
nywele zimelala kwa jasho:
"Ulivumilia?"
"Ulivumilia."
"Halafu?"
Nikamwambia.
Alinyamaza kwa kitambo, akivitoa vumbi vidole vya miguu.
Nilingoja aniambie kuhusu mvumilivu na mbivu zake,
alivyoniambia utoto wangu wote.
"Basi mmeufundisha nusu," akasema.

Akainyanyua chupa mezani, akaitikisa karibu na sikio.
Chai ilikuwa bado imo.